Maji Yenye Harufu ya Tini

Tangi la maji ndilo lililokufa kwanza. Injini ilifuata, na mlingoti wa nyuma ukafuata injini, lakini waliokuwa ngamani hawakujua kipi kimetangulia kipi, maana dhoruba ikikukuta chini ya sitaha, kelele zote huwa kelele moja. Mbao zinalia, watoto wanalia, masufuria yanagongana, na bahari inapiga ubavu wa chombo kama mgeni aliyechoka kubisha hodi.

Ghazala alijibana baina ya nguzo na mapipa mawili ya maji. Binti yake Kamuna alikuwa kati ya magoti yake, na mtoto mchanga, Esterina, alikuwa kifuani pa Kamuna, amefungwa kwa shuka. Chombo kilipolala upande, Ghazala alikaza miguu kwenye ubao. Kilipoinuka, alisema sikioni mwa binti yake, "Tupo." Kikalala tena. Kikainuka. "Tupo."

"Mama, kila mara lazima useme?"

"Nisiposema utajuaje?"

Chombo chenyewe kiliitwa Shoshana, jina jipya lililopakwa rangi juu ya jina la zamani. Kilizoea kubeba mbao. Safari hii kilibeba Wayahudi wa Tripoli, waliopandishwa kwa siri kwenye ufuko wa magharibi ya mji, kila mtu na mzigo mmoja. Walikuwa wanakwenda Palestina, na Waingereza waliokuwa wameishika Palestina hawakutaka wafike. Hilo walilijua kabla ya kupanda. Lakini tangu mwaka uliopita, mtaa wao wa Hara ulipochomwa moto na mume wa Ghazala akazikwa pamoja na majirani, hakuna aliyekuwa akilala akavua viatu. Vita vikubwa vilikwisha, usingizi haukurudi.

Rahmin, mume wa Kamuna, alitangulia kwa malori na kwa miguu kupitia Misri, mkewe akiwa na mimba. Siku ya kuagana Ghazala alimwambia mkwewe, "Nenda, mwanangu. Hawa nitakuletea mimi, wazima, mkono kwa mkono." Maneno hayo hakuyasema kwa kumfariji. Aliyasema kama mtu anayesema kesho nitaoka mkate.

Asubuhi bahari ilitulia ghafla, kama mtoto aliyelia mpaka akasahau alichokuwa akilia. Yiftahi alishuka ngazi na nywele zake zimegandana kwa chumvi. Alikuwa kijana aliyetumwa kutoka Palestina kuwaongoza, na nyuma yake alikuja Kapteni Carmelo, Msisilia aliyezeekea kwenye magendo. Wote wa Tripoli walijua Kiitaliano, kwa hiyo habari mbaya hazikuhitaji mkalimani.

"Injini imekunywa bahari," kapteni akasema. "Tangi nalo limepasuka, maji yake ni chumvi tupu. Tuna tanga la mbele, nalo limetoboka. Tuna dira. Tuna haya mapipa mawili."

"Na upepo?" akauliza Yiftahi.

"Upepo ulikuwa wa jana."

Yiftahi akayatazama mapipa, akawatazama watu. "Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Wanaonyonyesha, viwili viwili. Hakuna kunawa, hakuna kufua."

"Na kahawa?" sauti ya mwanamke ikatoka gizani. Huyo alikuwa Mantina, jirani wa Ghazala tangu Hara, mwanamke mwenye ulimi wa kukata ngozi.

"Kahawa utakunywa Palestina, shangazi."

"Haya. Basi waambie wachemshe mapema."

Watu wakacheka, na kicheko kile kiliwafaa kuliko kifungua kinywa. Ghazala akakoroga bisisa, ule unga wa nafaka zilizokaangwa na bizari, akaufinyanga kwa mafuta ya zeituni pasipo tone la maji, akamlisha Kamuna kwa vidole.

Walikuwa katika kula pale Mantina alipopiga ukelele. Mzee Khlafu, aliyekuwa amelala pembeni juu ya mzigo wake, alikuwa haamki. Sanduku lilikuwa limemwangukia usiku, akasema si kitu, akajifunika. Sasa uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu na mdomo uko wazi. Mwanamume mmoja akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mwingine akamfumba macho. Wanawake wakaanza kilio, kile cha kwao, kinachoanzia tumboni na kupanda kama ndoo kutoka kisimani.

Sasa, watu wa Hara walikuwa na desturi yao. Mtu akifa, maji yote yaliyochotwa nyumbani mwake na nyumba za jirani humwagwa nje. Walisema malaika wa mauti husuuza kisu chake kwenye maji yaliyo karibu, na ole wake atakayeyanywa. Basi hakuna aliyezunguka kutangaza msiba. Uliona maji yanatiririka kichochoroni, ukajua, ukaenda nawe kumwaga yako. Ghazala alikuwa ameimwaga mitungi tangu akiwa kimo cha mtungi wenyewe. Alimwaga alipokufa mama yake. Alimwaga zile siku za moto, mpaka kichochoro kikawa tope.

Mikono yake haikumuuliza. Alisimama, akilia pamoja na wenzake, akaukumbatia mdomo wa pipa lililokuwa karibu na maiti, akalivuta. Chombo chenyewe kikamsaidia kwa kulala upande. Pipa likaanguka, kizibo kikaruka, na maji yakatoka yote kwa mkupuo, yakapita chini ya miguu ya watu, chini ya mizigo, yakaenda kunywewa na mbao.

Kilio kilikatika. Wote walikuwa wanalitazama pipa.

"Mama," Kamuna akasema taratibu. "Mama, umefanya nini?"

Pembeni kule kukasikika chafya. Halafu chafya ya pili. Mzee Khlafu akainua kichwa, mgongo wake umelowa chapachapa, akapepesa macho.

"Nani ananikogesha?" akauliza. "Na nyie mnalia nini? Nani kafa?"

Mantina ndiye aliyefungua kinywa, naye hakumgeukia mzee.

"Mama Kamuna, hongera. Umemwaga maji ya watoto wetu kwa ajili ya maiti anayepiga chafya."

"Mikono yangu, Mantina…"

"Mikono yako ingetafuta kazi nyingine! Maji yakimwagika hayazoleki."

"Mwacheni," akasema Mzee Khlafu, akijisugua shingo. "Yale maji ya baridi ndiyo yaliyoniita. Nilikuwa mahali pazuri sana, pana mitini mingi, na sasa niko hapa nawatazama nyie."

"Ungebaki kwenye mitini yako!" Mantina akamwambia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Ghazala alishika ukingo wa pipa akalisimamisha. Mlikuwa na maji ya kina cha kidole. Alimkingia Kamuna, akamwambia anywe, kisha akakaa chini. Pipa moja lililobaki, kwa watu wote wale, lilikuwa la siku chache zisizo na upepo. Hilo hata mtoto aliweza kulihesabu.

Joto lilikuja mchana na halikuondoka. Tanga lilining'inia kama shuka kwenye kamba. Siku iliyofuata ilifanana na hiyo, na kikombe kikawa nusu kikombe. Watu waliacha kuzungumza, kwa sababu ulimi ulikuwa unanata. Ghazala alimpa Kamuna nusu yake yeye na kusema ameshakunywa, na Kamuna alijua kuwa ni uongo na akanywa, kwa kuwa maziwa yake yalikuwa yanapungua. Esterina alinyonya, akaachia, akalia. Kilio chake kilikuwa kikavu. Ghazala akapitisha kidole gumba juu ya utosi wa mtoto, pale palipo laini, akakuta pamebonyea kama unga uliokandamizwa.

Akapanda sitahani kumtafuta Yiftahi. Alimkuta ameshika bastola ya fataki, zile za kuitia msaada.

"Nizirushe leo jioni, mama," akasema bila kumtazama. "Manowari za Waingereza haziko mbali. Watatupa maji, watatutibu. Halafu watatupeleka kambini, Kupro, nyuma ya waya. Wote. Sitaki, lakini sikuja hapa kuzika watoto."

"Umewauliza wengine?"

"Nakuuliza wewe kwanza. Mjukuu wako ndiye mdogo kuliko wote."

Ghazala alijua jambo ambalo kijana hakulisema. Pipa lile lingekuwapo, fataki zingebaki sandukuni. Akamfikiria Rahmin amesimama mahali fulani kwenye mchanga akitazama bahari. Mkono kwa mkono, alimwambia. Si kupitia waya.

"Nipe mpaka kesho," akasema.

"Kesho kutabadilika nini?"

"Sijui bado. Nipe mpaka kesho."

Alishuka. Mzee Khlafu alikuwa anamngoja chini ya ngazi, ameegemea mzigo wake. Mzigo huo ulijulikana na wote. Ulikuwa mkubwa, wa duara, umefungwa ndani ya shali ya sala yenye milia, na ufukweni Yiftahi alipotaka uachwe kwa uzito, mzee alisema, "Hii ni Torati ya sinagogi letu la Amrus." Yiftahi akamwachia. Tangu hapo kila aliyepita karibu aliugusa kwa vidole, akavibusu vidole vyake. Mantina aliubusu asubuhi na jioni.

"Binti yangu," mzee akasema kwa sauti ya chini, "nimesikia. Hebu nisaidie kuifungua hii Torati."

"Unataka tusome?"

"Nataka tupike."

Shali ikafunguliwa. Ndani mlikuwa na chungu kikubwa cha shaba, kifuniko chake chenye shingo ndefu, na bomba lililojikunja mara nyingi kama nyoka wa bustanini. Mtambo wa pombe. Kila mtu wa Amrus, kijiji cha mzee, alijua ile pombe kali ya tini aliyoitengeneza Khlafu kwa harusi, lakini hakuna aliyejua kuwa mtambo umesafiri.

Mantina alikuwa wa kwanza kuuona. Alifuta midomo yake kwa kiganja, akaifuta tena.

"Mungu wangu. Nimekuwa nalibusu pipa la walevi."

"Na baraka zako zimelifikia," akasema Khlafu. "Nilitaka kuanza maisha kule. Mtu wa umri wangu ataanza na nini, jembe? Sasa sikilizeni. Tini ukizichemsha, mvuke unapanda, bomba linaupoza, unashuka matone. Takataka zinabaki chini. Bahari nayo si ina maji na takataka? Chumvi haijui kupanda."

Ghazala akalishika lile bomba. Alikuwa amekeneka maua ya michungwa, akiyachemsha na kukinga mvuke wake, kila masika maisha yake yote, kwa mtambo mdogo wa kuazima. Hata siku moja hakuwahi kufikiria kutia humo maji ya bahari. Nani angeyafikiria, akiwa na kisima uani?

"Ulinyamaza siku zote hizi?" akamwuliza.

"Nilikuwa na aibu," mzee akasema. "Watu walikuwa wanaibusu."

Ghazala akageuka kwa Mantina. "Ulisema hayazoleki. Sawa. Lakini yanapikika. Nishikie hapa."

Na Mantina, kwa kinywa chake chote, akashika.

Kazi ikaanza, na kazi ni dawa. Walipeleka mtambo sitahani, wakauweka juu ya jiko la sanduku la mchanga. Kapteni alipoona akajipiga kofi pajani, akakata bomba la shaba kutoka kwenye injini iliyokufa na kutengeneza mtambo wa pili kwa sufuria ya jikoni. Wanaume wakavunja vitanda vya mbao na kuvipasua kuni. Ghazala akaziba kifuniko kwa bisisa iliyokandwa ikawa tope zito, akiizungushia kidole pasibaki tundu la kupumua. Bomba likapitishwa ndani ya beseni la maji ya bahari, na maji yale yalipopata moto yakamwagwa na kuchotwa mengine. Kila baada ya muda chungu kilifunguliwa, chumvi ikakwanguliwa, kikajazwa upya.

Tone la kwanza lilichukua muda mrefu mpaka watu wakaanza kulichukia. Likaning'inia kwenye ncha ya bomba, likanenepa, likaanguka. Ghazala alimwaga ya mwanzo, kama inavyofanywa kwenye maua. Mantina akashtuka.

"Unamwaga tena?"

"Haya ni ya kuosha bomba. Funga mdomo, unapoteza mate."

Kikombe kilipofika nusu akakionja. Yalikuwa ya vuguvugu, hayana chumvi, na yalinukia tini na bizari nyembamba, kwa kuwa shaba ile ilikuwa imekunywa miaka mingi na haikusahau. Akakipeleka mwenyewe ngamani, mkono mmoja juu ya kikombe, akamwinua Kamuna kichwa.

"Kunywa. Polepole. Yana harufu ya harusi, usijali."

Usiku kucha walilisha moto kwa zamu, wamezungushia maturubai ili mwanga usionekane. Ghazala alikataa zamu. Chombo kilipoyumba mara moja, chungu kiliteleza, naye akakizuia kwa kiganja. Ngozi ilibaki kwenye shaba. Hakupiga kelele, alipuliza tu, akakitengeneza chungu kwa mkono wa pili. Kapteni Carmelo akamfunga kitambaa kilicholowa mafuta ya zeituni.

"Sinyora, kakae chini."

"Nikikaa nitalala. Nikilala moto utazimika."

Alfajiri Kamuna alipanda ngazi mwenyewe, mtoto mkononi. Alimsogezea mama yake uso wa Esterina aliyekuwa akilia kwa hasira, na kwenye shavu la mtoto kulikuwa na chozi. Chozi la kweli, limetelemka mpaka shingoni. Ghazala akaliangalia kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole gumba kwenye utosi. Palikuwa pamejaa.

Yiftahi aliona. Akaichukua ile bastola ya fataki, akairudisha sandukuni, akaketi juu ya sanduku.

Ndege ya Waingereza ilitokea jua lilipokuwa limepanda. Walisikia mngurumo kabla ya kuiona. "Chini!" Yiftahi akapaza sauti. "Wote chini! Zimeni moto!"

"Usizime!" akasema kapteni. "Chombo chenye moshi kina mpishi. Chombo kisicho na moshi, kilichovunjika mlingoti, kinafanya nini hapa? Sinyora, vaa hii."

Akamtupia koti lake na kofia. Ghazala akavua lile shuka kubwa la kujitanda la wanawake wa Tripoli, akalisukumia ngamani, akavaa koti, akaficha nywele ndani ya kofia. Sitahani walibaki wawili tu, Msisilia na mwanamke wa Hara, na mitambo miwili inatokota. Chini yao, watu wote walilala wamebanana kwenye joto la kuoka mkate, viganja vimeziba vinywa vya watoto.

Ndege ilishuka chini mpaka Ghazala akaona kichwa cha rubani. Ikazunguka. Kapteni akachukua wavu uliochanika, akajifanya anaushona, akaimba kwa sauti mbaya kabisa.

"Fanya kitu," akamwambia kati ya mistari ya wimbo.

"Nifanye nini?"

"Mpishi hufanya nini?"

Ghazala akachovya upawa ndani ya beseni, akaonja, akakunja uso, akatema baharini, akamgeukia kapteni akamgombeza kwa upawa, akamtukana kwa Kiarabu mambo yote aliyokuwa ameyaweka moyoni tangu dhoruba: injini, tangi, tanga bovu, na mama aliyemzaa kapteni. Kisha akainua upawa, akaipungia ndege.

Rubani akapunga mkono. Ndege ikapanda, ikaenda zake kusini.

Sauti ya Mantina ikapanda kutoka ngamani. "Imeondoka?"

"Imeondoka."

"Basi acha kumtukana mama wa watu. Watoto wanasikia."

Kicheko kikaanzia chini ya ngazi kikaenea chombo kizima, cha midomo iliyopasuka, cha kuumiza. Na walipokuwa bado wanacheka, Kapteni Carmelo akainua shavu lake, kama mtu aliyeitwa jina. Tanga lilikuwa limetikisika. Mara moja, halafu tena. Wanawake walikuwa wamelishona matundu yake kwa uzi wa magodoro, na sasa lilivimba taratibu mpaka kamba zikalia.

"Magharibi," kapteni akasema. "Upepo wa magharibi. Mashariki yote ni yetu."

Walikwenda nao mchana na usiku, na siku zilizofuata. Mitambo haikupoa. Vitanda vilipokwisha, walichoma ngazi ya pili, halafu milango, halafu masanduku. Pipa lilifika chini, lakini watoto na wanaonyonyesha walikuwa na maji yao ya tini, na wengine walilowanisha ulimi. Mzee Khlafu alikuwa bingwa wa moto. Alikataa maji yake mara mbili, na mara ya tatu Ghazala alimshika pua akamnywesha.

"Siku hizi unanionea," mzee akasema.

"Nilishakulilia bure mara moja. Sina machozi ya mara ya pili."

Chungu cha shaba kilitoboka kitako asubuhi ile nchi kavu ilipoonekana. Ilikuwa mstari mwembamba wa rangi ya mkate, na juu yake vilima vya mchanga. Watu walisimama sitahani wakiutazama. Yiftahi akapanda juu ya sanduku la fataki.

"Tumeonekana," akasema. "Kuna malori juu ya barabara, mnaona vumbi? Ni askari. Lakini mnaona na wale?" Kutoka vijiji vya karibu watu walikuwa wanateremka mchangani mbio, makumi kwa makumi, wanaume kwa wanawake, wakiingia majini na nguo zao. "Ni ndugu zetu. Wameacha vitambulisho vyao nyumbani makusudi. Mkifika, changanyikeni nao. Askari akikuuliza wewe ni nani, jibu: mimi ni Myahudi wa nchi hii. Basi. Wote watajibu hivyo hivyo, na hatajua nani ni nani."

Kapteni Carmelo akalenga omo ya chombo kwenye mchanga, akafunga usukani, akajishika. Shoshana ilipanda fungu la mchanga kwa mkwaruzo mrefu, ikainama, ikatulia. Kamba zikashushwa. Maji yalikuwa ya kifua, na mawimbi yalikuwa na nguvu.

Ghazala alishuka wa kwanza ili ampokee Kamuna. Wakatembea, wimbi likiwapiga mgongoni, mtoto ameinuliwa juu ya vichwa vyao kwa mikono minne. Msichana mmoja alikuwa anakuja kutoka pwani, amevaa kaptura na koti la wanaume, nywele zimekatwa fupi. Akanyoosha mikono. Kwa Kiarabu cha Baghdad akasema, "Nipe."

Ghazala hakumpa. Alimtazama msichana yule machoni, uso ambao hakuwahi kuuona, huku wimbi jingine linajikusanya nyuma yao. Kisha akampa.

Msichana akambeba mtoto kama aliyezoea, akamshika Kamuna kiuno, wakaufikia mchanga. Akavua koti lake akamvika Kamuna, akamfunga kitambaa chake kichwani, akampokeza mtoto. Mkokoteni uliojaa majani ya ng'ombe ulikuwa unangoja. "Panda juu. Ukiulizwa, wewe ni dada yangu na mtoto ana homa."

Kamuna akageuka. "Mama! Njoo!"

Ghazala alikuwa na mguu mmoja mchangani. Nyuma yake, kando ya chombo, Mzee Khlafu alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili na mawimbi yalikuwa yanampita kichwani. Yiftahi alikuwa na watoto wawili mabegani. Mantina alikuwa anavuta mtu mwingine. Malori yalikuwa yamesimama na askari wanaruka chini.

"Nenda," akasema Ghazala. "Mwambie Rahmin nimekuja."

Akarudi majini. Kiganja chake kilichoungua kiliwaka kwa chumvi kama moto mpya. Alimfikia mzee, akamwachisha kamba kidole kimoja kimoja, akamweka mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko chungu chake. "Shika shingo," akamwambia, "lakini usininyonge." Walipofika kwenye mchanga mgumu askari walikuwa tayari wamefunga duara, na waliokuwa ndani ya duara walikuwa wamechanganyika, wa nchi na wa bahari, wakipiga kelele jibu moja. Lakini mwanamke mwenye hina ya Tripoli mikononi na mzee aliyelowa mgongoni mwake hawakuhitaji kuulizwa. Askari kijana, mwenye uso uliobabuka kwa jua, akawaonyesha lori kwa kidole, bila ukali.

Yule msichana wa koti alikuwa amerudi majini kuvuta wengine, akakamatwa pia. Alikaa karibu na Ghazala juu ya ubao wa lori, akampa kibuyu chake cha maji cha kijeshi. Ghazala akamnywesha Khlafu, kisha akanywa yeye, muda mrefu, bila kupumua. Aliposhusha kibuyu, macho yake yalikuwa juu ya kilima. Mkokoteni ulikuwa unapanda. Askari mmoja aliusimamisha, akainama, akatazama, akapunga mkono upite. Ukafika kileleni. Kichwa chenye kitambaa kiligeuka mara moja, kisha ukashuka upande wa pili, na barabara ikabaki tupu.

Ghazala akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu Tripoli.

"Watatupeleka wapi?" akauliza.

"Kupro," msichana akasema. "Ni kisiwa. Kuna kambi. Miezi michache, labda mwaka, halafu wanaanza kuwarudisha watu huku, kidogo kidogo. Pole, mama."

"Hicho kisiwa kina maji?"

Msichana akashangaa. "Kina."

"Ya visima?"

"Ya visima."

Ghazala akaegemea ubao wa lori, akamsogezea Mzee Khlafu bega lake alalie.

"Basi hiyo si safari," akasema. "Hiyo ni kungoja. Kungoja tunajua."